Kaka yake hatambeba siku zote: wito wa harambee

Bwana asifiwe, ndugu zetu wana Rungwe mlioko Mbeya mjini, Dar na kwingineko.

Tunajua simu zenu zimejaa michango. Tunaona haya kuwabishia hodi tena, maana hata bati za darasa la tatu mlizitoa ninyi. Lakini masika haya kuna mtoto wa darasa la nne anayefika shuleni mgongoni mwa kaka yake, tope hadi magotini, na mvua ikizidi hawafiki wote wawili.

Mwaka juzi alikuwa akitembea. Akitaka kuinuka sakafuni aliweka viganja magotini, akayapanda mapaja yake mwenyewe taratibu kama anayekwea mparachichi. Mimi mwalimu wake nilimwita mvivu. Nikimpa maagizo matatu kwa mpigo alishika moja, nami nikamsimamisha nyuma ya darasa. Mungu anisamehe.

Daktari ndiye aliyetufumbua macho. Ugonjwa huu wa misuli unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza karne ya 19. Chanzo ni hitilafu ya jeni iliyo kwenye kromosomu ya X, na kwa kuwa wavulana wana X moja tu, huwapata hasa wao. Jeni hiyo hutengeneza distrofini, protini iliyotambuliwa mwaka 1987. Kwenye misuli hulinda utando wa seli usichanike. Kumbe ina kazi ubongoni pia: hukaa pale seli za neva zinapopokezana ishara, hasa ishara za kutuliza. Ikikosekana, baadhi ya watoto hupata shida kushika maneno mengi kwa pamoja, kusoma, au kutulia. Si wote, na hawalingani. Tena misuli huzidi kudhoofu, lakini shida hiyo ya kujifunza kwa kawaida haizidi hivyo. Tangu nianze kumpa agizo mojamoja, anagawanya hesabu ubaoni mbele ya wenzake.

Tunahitaji kiti mwendo, njia ya saruji toka getini hadi darasani, na choo chenye vishikio: shilingi 3,400,000. Tumepata 910,000, zikiwemo za kinamama wauza ndizi ambao hawana hata mtoto hapa. Wewe uliyesoma hapa, kweli utakosa mfuko mmoja wa saruji?

Kila mchango una stakabadhi, na mhazini atabandika hesabu kwenye ubao wa matangazo. Harambee ni Jumapili hii baada ya ibada, uwanjani shuleni. Mlio mbali, ongeeni na mwenyekiti wa kamati. Fundi ameshapima, anasubiri saruji tu. Kaka mtu yuko darasa la saba. Januari anakwenda sekondari.