Kwa Salim, kuhusu Admirali John Towers

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipokea, nami nimeisoma zaidi ya mara moja kwa ajili ya lile neno lako kwamba, katika jeshi lolote, anayetangulia kujifunza kazi mpya ndiye anayetangulia kupanda cheo. Naomba uniwie radhi nikikupinga, na mfano wangu ni John Towers wa Jeshi la Majini la Marekani.

Alizaliwa mwaka 1885 mjini Rome, jimbo la Georgia, akahitimu chuo cha maofisa cha Annapolis mwaka 1906. Katika manowari Michigan alipewa kazi ya kutazama makombora ya mizinga yanaangukia wapi, na huko ndiko alikotambua kuwa mizinga imeanza kufika mbali kuliko jicho la mtu aliye melini. Akaomba kujifunza kuruka. Mwaka 1911 Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, alimfundisha huko Hammondsport, New York, akawa rubani wa tatu katika jeshi lile zima.

Zama hizo rubani alikaa waziwazi kwenye ukingo wa bawa, bila mkanda. Tarehe 20 Juni 1913 Towers alikuwa abiria wa kijana aitwaye William Billingsley juu ya ghuba ya Chesapeake, kiasi cha mita 500 kutoka majini, upepo mkali ulipoisukuma ndege chini kwa ghafla. Billingsley alirushwa nje akafa, na ndiye rubani wa kwanza wa jeshi hilo kufa kwa ajali ya ndege. Towers naye aling'olewa kitini, lakini mkono wake ulidaka nguzo moja kati ya mabawa, akaning'inia nayo hadi ndege ilipojipiga majini. Alipopata nafuu alirudi kuruka, na tangu ajali ile mikanda ya kuwafunga marubani vitini ikaanza kutiliwa maanani.

Mwaka 1919 aliongoza ndege tatu za majini zilizotoka Newfoundland, Amerika Kaskazini, kuelekea visiwa vya Azores, zikijaribu kuvuka bahari ya Atlantiki. Ndege yake, NC-3, ilipotea katika ukungu. Akaamua kutua baharini ili ajue mahali alipo, na mawimbi yakaiharibu hata isiweze kupaa tena. Salim, watu wale watano walisafiri zaidi ya maili 200, kwa zaidi ya saa 50, ndege ikienda tezi mbele na omo nyuma, yaani kinyumenyume, upepo ukiisukuma. Boya la chini ya bawa moja lilipokatika ikabidi mtu akakae kwenye bawa la pili ili ndege isipinduke, kama wanavyofanya mabaharia wetu katika ngalawa. Walipofika Ponta Delgada, bandari ya Azores, waliwasha injini wakaingia bandarini wenyewe, bila kuvutwa. Hata hivyo, sifa ya kuvuka Atlantiki ilikwenda kwa NC-4 ya Albert Read, iliyofika Lisbon tarehe 27 Mei, na Towers, aliyekuwa mkuu wa safari nzima, hakuruhusiwa kuhamia humo.

Sasa ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 1926 sheria ilitaka meli za kubeba ndege ziongozwe na marubani, na maofisa wakubwa wa meli wakaanza kwenda kujifunza uzeeni: Ernest King alipata mabawa yake, yaani beji ya urubani, mwaka 1927, na William Halsey mwaka 1935 akiwa na miaka 52. Wote wawili walifikia nyota tano, cheo cha juu kabisa cha admirali. Towers aliongoza meli za kubeba ndege, Langley kisha Saratoga, na kuanzia 1939 ofisi ya ndege ya jeshi hilo; lakini mwezi Oktoba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alipelekwa Pearl Harbor kusimamia marubani, ndege na vipuri vya wenzake waliokwenda kupigana. Huko alishindana na Admirali Nimitz mwenyewe, mkuu wa vita vya Pasifiki, akidai marubani wasikike katika mipango ya vita, hadi ikawekwa kanuni kwamba kamanda mkuu asiye rubani awe na mnadhimu mkuu aliye rubani. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko ushindi wa siku moja baharini, ingawa haina picha wala nishani ya kuvutia macho. Nyota ya nne aliipata vita vilipokwisha, na mwaka 1946 akakalia kiti cha amri ya Pasifiki. Alistaafu mwaka 1947 na kufariki mwaka 1955.

Jambo moja linanisumbua, nawe uliyekulia kwenye mashua huko Shela ndiwe wa kunijibu. Chombo kinachokwenda tezi mbele, bila tanga la kukiongoza, mtu hukielekezaje kisiwani asikipite usiku? Niandikie upesi, na umsalimie sana mama.

Ni mimi ndugu yako,
Hamisi