Tusogeze safari hadi baada ya Maulidi

Tanga,
4 Julai 2026

Mpendwa shoga yangu, Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ukiacha kikohozi cha Bibi, ambacho hufika na upepo wa kusi kila mwaka na kuondoka nao. Umekaa kimya muda mrefu hata nikaanza kudhani kuwa Dodoma imekumeza, kisha ghafla unaniletea, kwa mkono wa mdogo wake Mwajuma, jedwali la safari yetu ya kutembea kwa miguu ufukoni, lililochapwa na kubanwa pini kama taarifa ya Bunge.

Nimelisoma lote. Lina safu ya tarehe, safu ya gharama, na hata safu ya hatari zinazoweza kutupata, ambamo nyoka wameandikwa mara mbili na jua halikuandikwa kabisa. Jambo moja halimo, nalo ndilo lililonifanya nikae chini leo niandike badala ya kukupigia simu: hakuna mahali palipoonyeshwa kwamba bahari itakuwa wapi wakati sisi tunapita.

Umepanga tuanze kutembea tarehe 5 Agosti ili Nane Nane itukute njiani. Sasa, tarehe 6 mwezi utakuwa umebaki nusu, na siku za namna hiyo ndizo za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haitoki sana. Tena katika pwani yetu hii saa zake hazimfai mtembeaji hata kidogo. Maji mafu hupwa usiku wa manane kuelekea alfajiri, kisha hupwa tena alasiri, na ile asubuhi yote nzuri ambayo jua bado halijakasirika, maji yanapanda. Maana yake ni kwamba tutasukumwa hadi kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaomeza mguu mpaka kifundo, na penye mikoko au majabali hatutakuwa na pa kupita, itabidi tukae chini ya mnazi tusubiri mpaka saa nane mchana, ndipo tuanze kutembea jua likiwa limetuwakia utosini. Wewe unalijua jua la Dodoma, lakini hili la kwetu lina jasho ndani yake.

Siku za bamvua mambo hugeuka. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, maji hujaa sana mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na katikati yake, mnamo saa nne asubuhi, hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ukitoka baada ya swala ya alfajiri unayakuta maji yameshaanza kurudi nyuma, nawe unatembea juu ya mchanga ulioachwa sasa hivi, uliolowa na kushikana, ambao kisigino kinaacha alama hafifu tu, na kaa wadogo wanakimbilia mashimoni mbele yako. Unakuwa na saa tatu kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili na ushei baada yake. Kwa watu wa umri wetu hiyo ni kazi ya siku nzima, na ikifika saa sita tumeshafika kivulini tunakunywa madafu.

Nilikwenda na jedwali lako kwa mzee mmoja mvuvi pale kwenye diko la Deep Sea, nikitaraji atanisaidia kurekebisha siku moja au mbili. Hakutazama tarehe hata moja. Aliniuliza siku hiyo mwandamo utakuwa ni wa ngapi, akahesabu mwenyewe kwa pingili za vidole, akafika alipofika, akalikunja jedwali vizuri na kunirudishia bila neno. Tafadhali usimweleze Shemeji, kwa sababu najua kuwa ndiye aliyelichapa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: tusogeze safari hadi baada ya Maulidi. Mwaka huu Maulidi yataangukia tarehe 25 au 26 Agosti, kutegemea mwandamo wa Mfungo Sita, na kwa kuwa Maulidi ni siku ya 12 ya mwezi, ukianza kutembea siku moja au mbili baadaye huwezi kulikosa bamvua. Mwezi utakuwa mpevu Ijumaa ya tarehe 28. Tukianza Alhamisi ya tarehe 27 maji yatakuwa yamepwa mnamo saa tatu na nusu asubuhi, Ijumaa saa nne, na kila siku yatazidi kuchelewa kidogo, hata Jumatatu tutakapokuwa tunamaliza itakuwa inakaribia saa sita. Saa hizi ni za makadirio. Nitazihakikisha katika jedwali la maji la bandari kabla hatujaondoka. Na kuhusu sikukuu unayoipigia hesabu, je, umetazama kalenda? Nane Nane mwaka huu ni Jumamosi. Haikupi siku ya mapumziko hata moja ambayo hukuwa nayo, ilhali Maulidi yanaangukia katikati ya wiki ya kazi.

Kuna jambo la pili katika jedwali, nalo ni upande wa kuanzia. Umeandika tuanze Tanga twende kusini hadi Pangani, kisha Ushongo, kisha tuingie Saadani. Agosti ni mwezi wa kusi, na upepo huo ukishapata nguvu mchana unakurushia mchanga machoni ikiwa unaelekea unakotoka. Tugeuze. Tuanzie Ushongo tuje kaskazini, upepo utusukume mgongoni, na mwisho wa safari uwe nyumbani kwangu, ambako kuna maji ya moto na wali wa nazi. Ama Saadani, iondoe kabisa. Ile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, simba na tembo wake hawajui kuwa wewe ni mtumishi wa umma, na huwezi kujipitia tu na shanta mgongoni bila kulipa kiingilio na kuongozana na askari mwenye bunduki. Tutakwenda siku nyingine kwa gari kama watu wengine.

Njia niliyoifikiria ni fupi kuliko yako. Wewe ukitoka Dodoma ushukie Muheza, mimi nitakuwa nakusubiri hapo, tuchukue gari la Pangani, tuvuke mto hadi Bweni, na bodaboda zitufikishe Ushongo Jumatano kabla ya magharibi. Alhamisi tunatembea kutoka Ushongo kurudi Bweni, kilomita 15 hivi, karibu zote mchanga. Pale mtoni Mwalimu, mwenzetu wa safari, ameshaanza kunipigia hadithi za daraja jipya. Nimemwambia kuwa yeye apite juu ya daraja akitaka, mimi nitavuka kwa chombo, kwa sababu sijatembea ufukoni asubuhi kutwa ili nije nivuke Mto Pangani juu ya lami. Ijumaa hatutembei. Wanaume wataswali Pangani, na sisi, tukipata mashua kwa bei ya kibinadamu, tutoke mapema twende Maziwe na kurudi. Unakumbuka tulivyosimuliwa kwamba kisiwa kile kilikuwa na miti na kasa walikuwa wakitaga humo kwa wingi? Kimehifadhiwa kisheria tangu 1981, lakini miti yote imekwisha, na sasa ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakitoka na kumezwa yakijaa. Ni bamvua tena, kama unavyoona. Kila ninapogeukia, ninakuta mwezi unanisubiri.

Jumamosi ndiyo siku ndefu, kutoka Pangani hadi Kigombe, na ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu kuna vijito vinavyoingia baharini ambavyo saa nne asubuhi unavivuka maji yakiwa magotini na saa tisa alasiri huwezi kuvivuka bila mtumbwi. Sheria yangu ni kwamba hatuvuki kijito chochote maji yakiwa yanajaa, hata kama mwenzetu Baba Mboni atasema anaona chini. Tutauliza kwa wavuvi kila mahali. Hapo tuna bahati, kwa kuwa wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika na kushona nyavu, kwa hiyo tutawakuta ufukoni wana nafasi ya kuzungumza na vyombo vya kutuvusha. Hasara yake ni kwamba dagaa wabichi wanaweza kuadimika siku hizo, na najua kuwa ndio waliokushawishi kukubali safari hii tangu mwanzo.

Kigombe nitamlipa mtu akuonyeshe picha ya silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za kale hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa huku wamekuwa wakimpata katika majarife yao tangu 2003, na ndiyo sababu ya kutengwa kwa hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009. Usije ukaomba akaangwe.

Baada ya Kigombe mikoko inazidi, na ufuko wa kutembea unakatikakatika, kwa hiyo Jumapili na Jumatatu tutakuwa tunaingia bara na kutoka, tukipita mashambani na kwenye barabara ya vumbi. Ndiyo maana haidhuru kwamba siku hizo maji yatakuwa yanachelewa kupwa. Jumapili tulale jirani na Tongoni, ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi kama 40 ya zamani, baadhi yakiwa na nguzo ambazo zilikuwa zimepachikwa bakuli za kauri. Nimekuwa nikitaka kukupeleka pale, hasa wewe mpenda tarehe. Mwaka 1498 moja ya merikebu za Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya mchanga mbele ya pwani ile, ikabaki mkavu maji yalipokupwa, na ikanasuka yalipojaa. Mwaka uliofuata, walipokuwa wanarudi Ureno, mabaharia wao wengi wakiwa wameshakufa, waliichoma moto palepale. Ukiona mtu aliyetoka Ureno anaheshimu maji kupwa na kujaa, na wewe uliyetoka Dodoma unaweza.

Sasa mambo madogo. Viatu vile vikubwa vya ngozi ulivyonunua kwa ajili ya Kilimanjaro viache huko huko. Vikiingia maji ya chumvi vitakuwa mzigo na vitakutoa malengelenge. Lete raba kuukuu za kupitia kwenye majabali ya matumbawe na makubazi ya kuvaa jioni, pamoja na kopo la mafuta ya mgando ya kupaka vidoleni kila asubuhi kabla ya soksi. Tukiwa ndani ya maji buruta miguu usiinyanyue, ili samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie aondoke. Kila mtu abebe maji lita 3. Lete na zabibu kavu za huko kwenu na karanga, kwa sababu Mwajuma alipopewa kazi ya kununua vitafunwa mara ya mwisho tulikula biskuti za kuku. Mimi nitatafuta kijana wa kutubebea sufuria, na nitapiga simu kwa wenyeviti wa vijiji tutakamolala ili wasituone wageni wenye mashanta wakadhani tunapima ardhi. Siku hizi watu wa pwani wakiona mgeni na daftari hawalali.

Narudi kwenye tarehe, maana ndiyo barua yote. Najua kwamba umeshaandika ombi la likizo kwa tarehe zako na kwamba kuomba kubadilisha ni aibu kidogo, hasa kwa yule mkubwa wako anayehesabu dakika. Lakini ukimwambia kuwa unataka Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu baada ya Maulidi, pamoja na siku ya kurudi, sioni kama ni nyingi kuliko ulizoomba. Na ikiwa hawezi kabisa, basi kuna bamvua jingine la mwezi mwandamo kuanzia tarehe 12 Agosti, ambalo maji yake ni mazuri vilevile, ila tutakosa mbalamwezi wakati wa kuondoka alfajiri na dagaa watakuwa tele. Nikifikiri tena, huenda wewe ukalipenda hilo zaidi. Mimi bado nashikilia Maulidi. Mwenye mashua wa Maziwe anahofia kwenda siku za giza, na Mwalimu haoni vizuri kukiwa hakujapambazuka, ingawa hakubali.

Je, likizo yako imeshatiwa saini au bado iko mezani? Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi, na unatembea kweli jioni kama ulivyoahidi, au unazungukazunguka soko la Majengo tu? Shemeji anakuja au anatuma jedwali peke yake? Zuhura atabaki na nani, na je, yule shangazi wa Kondoa bado amenuna kuhusu ile sherehe? Je, unaogopa mtumbwi? Ulikuwa unaogopa zamani, na sijui kama mambo hayo yanaisha. Na mwisho, kuna mtu ameniambia kuwa unafikiria kuhamia Singida. Ni kweli, na kwa nini nisikie kwa mtu?

Nijibu kabla ya tarehe 20 mwezi huu, tafadhali, kwa sababu mwenye mashua anadai rubuni na sitaki kumpa fedha kwa tarehe ambayo haitakuwa. Msalimie Shemeji, umwambie jedwali ni zuri na nimelihifadhi.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga