Vumbi la banda lisikufike kichwani

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu. Nimesikia huko Kisauni unatoa maranda kwenye mabanda ya kuku wa nyama huku umejifunga kitambaa tu. Kitambaa huzuia manyoya. Chembe za chini ya maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hupita na kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na huwezi kuziona: unywele mmoja una unene wa maikroni 70 hivi.

Vumbi lile lina kinyesi kikavu, magamba ya ngozi, kuvu, na endotoksini, yaani vipande vya kuta za bakteria. Seli za kinga mapafuni zikikutana nayo hupiga mbiu: humwaga kemikali kwenye damu, na habari hufika ubongoni. Ndiyo maana aliyeshinda kwenye vumbi zito hushikwa na homa na kutetemeka baada ya saa 4 hadi 12. Joto la mwili hupandishwa na ubongo. Hapa Pwani watu hudhani ni malaria. Wewe pima kwanza, na umwambie daktari ulikuwa bandani.

La kila siku ndilo linanitia hofu zaidi. Kwa panya na seli za maabara, vumbi la mabanda ya mifugo limeamsha maikroglia, seli za kinga za ubongo. Zikikaa macho muda mrefu huweza kudhuru neva zenyewe. Panya si watu, baba, lakini sitaki usubiri.

Chota maranda ufinye. Yakipukutika yote, ni makavu mno. Yakibaki donge, yameloa na amonia, gesi kali ya kinyesi, itakuchoma macho. Yashikane kidogo kisha yaachane. Makavu yanyunyizie manyunyu membamba ya maji kwa pampu ambayo haijawahi kutiwa dawa ya wadudu. Fungua pande zote, anzia unakotoka upepo (wakati wa kusi, upande wa kusini). Tumia koleo, usifagie, na gunia liwe karibu usirushe.

Barakoa iwe N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, kamba zote mbili, kichuma ukibane puani. Ukivuta pumzi inywee kidogo. Ndevu huacha mwanya. Kama hunyoi, kazi hiyo mwachie mwenzio. Kwa joto letu hulowa jasho upesi, na ikilowa badilisha.

Nguo za kazi zivue huko huko, usizikung'ute nyumbani. Mtoto anatambaa sakafuni. Na ukishikwa na homa jioni, kesho yake usiingie bandani.

Mamako