Pedali Imezima? Njoo Nayo, Pamoja na Adapta Yake

Juzi kijana mmoja, mpiga gitaa wa kwaya, alituletea pedali yake ya distosheni, kile kisanduku cha kukanyaga kinacholifanya gitaa likwaruze, ndani ya mfuko wa plastiki. Kwingine alishaambiwa saketi yote imeungua, anunue nyingine. Tukaifungua mbele yake. Kilichokuwa kimekufa ni dayodi moja, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ndogo kama punje ya mchele, pale pale umeme unapoingilia.

Alikuwa ameazima adapta ya kinanda. Pedali yake inataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ile ilikuwa ya volti 12, chanya katikati. Dayodi ya mlangoni kazi yake ni kuupokea umeme uliokuja kinyume na kuurudisha ulikotoka kabla haujafika kwenye aisii, yaani chipu inayokuza sauti. Ukizidi, inaungua yenyewe, na mara nyingi inaungua ikiwa imeshikana, yaani inapitisha umeme pande zote mbili, chanya na hasi zinagusana. Ndiyo maana hata ukirudisha adapta sahihi, pedali haiwaki. Tukaing'oa, tukalehemu nyingine, gitaa likalia.

Akauliza: na ile sauti ya kukwaruza inatoka wapi? Swali zuri, kwa hiyo tukamwonyesha kwenye bodi ileile. Gitaa hutoa umeme mdogo sana, kwa kawaida haufiki hata volti moja. Unapita kwenye kapasita, inayoruhusu sauti ipite na kuuzuia umeme wa betri usirudi kwenye gitaa, kisha aisii inaukuza mara nyingi. Hapo ndipo dayodi mbili zilizogeuziana migongo zinapoingia kazini. Za silikoni hufunguka kwenye volti 0.6 hivi, wimbi likipanda zaidi ya hapo, kilele chake kinakatwa. Kukatwa huko ndiko kukwaruza unakokusikia.

Mahali zilipowekwa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye pedali ya Ibanez TS808, iliyotoka 1979, ziko kwenye njia inayorudi kutoka mwisho wa aisii hadi mwanzo wake, kwa hiyo mkato ni laini. Kwenye pedali ya RAT ya ProCo ziko baada ya aisii, zinamwaga ziada kwenye hasi, na sauti inakuwa kali. Ukiweka taa ndogo nyekundu za LED badala ya silikoni, zinasubiri hadi karibu volti 1.7, sauti inapanda na kupumua zaidi. Sisi tunaipenda hiyo, na tunabadilisha mteja akisubiri.

Jambo jingine, kwa wanaotumia betri. Jeki ya kuingizia gitaa kwenye pedali hizi ni ya stereo ingawa gitaa ni mono: ile njia ya ziada ndiyo swichi ya betri. Ukichomeka waya tu, umeme unaanza kutembea, hata kama pedali umeizima kwa mguu. Ukimaliza mazoezi, chomoa waya wa gitaa.

Jumamosi tunafungua pedali mwenyewe akiwepo, na maswali ni bure. Usisahau adapta uliyokuwa ukitumia. Hiyo ndiyo tunaipima kwanza.