Barua kwa mwanangu, kabla shamba la machungwa halijauzwa

Victoria, British Columbia
20 Februari 2026

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Sauti zako zote tano za WhatsApp zimefika. Mbili nimezisikiliza ndani ya basi, tatu jikoni nikimenya muhogo wa futari. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na ukichoka kunikatiza mtandao unakupokea. Isome yote, tena ukiwa umeshafuturu, maana mwenye njaa hasomi, anatafuta pa kukasirikia.

Umenieleza mambo matatu. Chuo kimekukubali kwa Septemba. Bibi amekubali shamba la Muheza liuzwe. Na mji ninaoishi ni mzuri, umeuona kwenye picha. Kwa la kwanza, hongera sana, nimelia kidogo. La pili sijaliamini bado. La tatu ni kosa langu mimi, na ndilo nitakaloanza nalo.

Huu ni mwaka wa saba nakutumia picha. Miti ya cheri inachanua Februari wakati Kanada iliyobaki imezikwa na theluji. Bandari ya katikati ya mji. Bunge likiwaka taa usiku. Mimi mbele ya hoteli ya Empress, nimesimama kama niliyetoka kunywa chai humo, na chai yake sijaionja hadi leo. Picha ya stakabadhi sijawahi kukutumia hata moja. Leo nimezipiga nne na utazikuta chini ya barua hii. Zitazame pole pole.

Nianze na nyumba, kwani huku ukishamaliza habari ya nyumba umemaliza robo tatu ya maongezi.

Nilipofika 2019 kusomea utunzaji wa wazee, nilipanga na mama mmoja Mkenya, mtu wa Kisumu, chini ya nyumba ya watu kule kitongoji cha Saanich. Wapangaji wa hali yetu wengi ndiko wanakokaa: sehemu ya chini, nusu imezama ardhini, mwenye nyumba yuko juu yako na unamjua kwa vishindo vya viatu vyake. Chumba na sebule, dola za Kanada 1,250 kwa mwezi. Mmoja alilala chumbani, mwenzake sebuleni, kila mwezi tukabadilishana. Ilipokuja Korona serikali ya jimbo ikazuia kodi za nyumba zisipande kabisa, 2020 na 2021. Mwaka 2022 wakaruhusu asilimia 1.5, mwaka uliofuata asilimia 2. Kwa hiyo mwenzangu alipohamia Calgary, jimbo la Alberta, akaniacha peke yangu, nilikuwa nimefika 1,294. Nilijibana nikaimudu. Zile picha nyingi za maua ni za kipindi hicho.

Katikati ya 2023 mwenye nyumba akauza. Aliyenunua alitaka mama yake akae pale chini. Sheria inaruhusu: nikapewa notisi ya miezi miwili na fidia ya kodi ya mwezi mmoja, nikafungasha. Hakuna aliyenitukana wala kunidhulumu. Ila sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye siri ya mji huu. Ile sheria inayozuia kodi kupanda kupita kiasi inamlinda aliyemo ndani. Ukitoka, kinga inabaki mlangoni. Anayepokea mpangaji mpya anataja bei anayotaka. Nilihangaika wiki tano, nikapata Esquimalt, chumba na sebule vile vile, dola 1,800. Zimeongezeka dola 506 na sikuongezewa hata dirisha. Baada ya nyongeza mbili za halali, asilimia 3.5 na asilimia 3, sasa nalipa 1,918. Mwaka huu kikomo ni asilimia 2.3, na nyongeza ya Septemba naisubiri barua yake.

Unakumbuka 2023 ulipouliza kwa nini dola 300 za mwezi zimekuwa 150? Nikakwambia kazini wamepunguza saa. Nilikudanganya. Saa zilikuwa zile zile. Nilikuwa nimehama.

Utauliza mji gani huu. Kwa sensa ya 2021 Victoria yenyewe ilikuwa na watu kama 92,000, na ukijumlisha vitongoji vyake vyote hawakufika laki nne. Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Huku wajao hawaondoki. Mtu amefanya kazi miaka arobaini kwenye baridi ya Saskatchewan, anastaafu, anauza nyumba yake, anakuja kumalizia uzee mahali ambapo theluji ni kioja. Anakuja na fedha mkononi. Ongeza wanamaji wa kambi ya Esquimalt, watumishi wa serikali kwa kuwa ndio makao makuu ya jimbo, na wanafunzi wa chuo kikuu. Wote hao wanagombania ncha ya kusini ya kisiwa tunachokaa, bahari huku na bahari kule, na kwa miaka mingi mitaa mizuri iliruhusu nyumba moja tu kwa kiwanja kimoja. Sheria hiyo ya viwanja jimbo liliibadilisha 2023, na Mei 2024 wakawabana wanaokodisha nyumba nzima kwa watalii wa siku mbili tatu. Vimesaidia, matangazo ya vyumba yanakaa muda mrefu kidogo kuliko zamani. Lakini nyumba haioti kama uyoga, na ya kununua, ile ya kawaida yenye bustani, inapita dola milioni moja. Mimi sizitazami tena, nitazitazama za nini.

Kuna mzee mmoja ninayemwogesha kazini, alikuwa mwalimu wa historia. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 1858 watu weusi mamia kadhaa walikuja hapa kutoka California kukimbia sheria za kibaguzi, na gavana aliyewakaribisha, James Douglas, mwenyewe alizaliwa Guyana na alikuwa na damu ya Kiafrika. Wachache waliowahi kununua viwanja wakabahatika, kwa sababu wiki zile zile zikaja habari za dhahabu na ardhi ikapanda bei ghafla. Mzee anacheka: "Shida ya viwanja hapa ilianza kabla ya reli." Nilimpenda kwa hilo.

Sasa hesabu yako.

Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi saa 24 kwa wiki masomo yakiendelea, na zaidi katika likizo rasmi. Kima cha chini cha mshahara kwa sasa ni dola 17.85 kwa saa. Zidisha: 428.40 kwa wiki, yaani 1,713.60 kwa wiki nne, na hapo hawajakata pensheni wala bima ya ajira. Wanafunzi tunaofanya nao kazi wanalipa dola 950 hadi 1,100 kwa chumba kimoja katika nyumba ya kuchangia jiko na choo. Tuseme 1,000. Ada ya matibabu ya mwanafunzi wa kigeni ni 75 kwa mwezi. Simu 45. Chakula, ukijipikia na ukiacha tabia yako ya soda, 400. Zimebaki kama 190, na makato ndiyo hayo yanakuja kuzichukua. Ada ya chuo hatujaitaja.

Tena hiyo ni endapo kazi utaipata wiki ya kwanza.

Kuna watu huku wanaopiga hesabu kila mwaka ya mshahara wa kuiwezesha familia ya watu wanne, baba na mama wote wakifanya kazi, kuishi bila kuzama. Mwaka 2024 kwa Victoria ilitoka dola 26.78 kwa saa. Kima cha chini wakati huo kilikuwa 17.40. Mimi napata 28, na peke yangu, na bado zaidi ya nusu ya ninachobeba nyumbani anachukua mwenye nyumba.

Halafu ile dola 22,895 wanayotaka uonyeshe benki kabla ya kupewa kibali cha kusoma, mbali na ada na nauli. Wewe na rafiki zako mnaiita hela ya kuonyesha, na nimesikia kuna mtu Chumbageni anaahidi kukukopesha kwa wiki mbili ipigwe picha irudishwe. Kwanza huo ni udanganyifu, na ukinaswa mlango unafungwa kwa miaka. Pili, hiyo si hela ya kuonyesha, mwanangu, ni hela ya kula. Igawanye kwa 12 uone: 1,907. Haifikii kodi ya nyumba ninayolipa.

Chakula sitakichosha. Wiki ya kwanza usizidishe kwa shilingi, utakufa njaa. Mimi nilizidisha tufaha moja nikalirudisha kwenye rafu. Bei kubwa iliyoandikwa kwenye mboga na nyama ni ya ratili, bei ya kilo iko chini kwa herufi za kumtafuta mwenye miwani. Chakula kibichi hakina kodi ya mauzo, ila sabuni, chungu, shati, vyote vinaongezwa asilimia 12 ukifika kwa keshia, kwa hiyo kilichoandikwa dola 20 unalipa 22.40. Ukinywa kahawa, mashine ya kadi inakugeukia na kukuuliza bakshishi asilimia ngapi, nawe umesimama na watu nyuma yako. Muhogo unakuja umegandishwa kwenye mfuko. Nazi ni ya kopo. Ramadhani nanunua ndizi mbichi mara moja moja tu, na jioni nyingi nakwenda kufuturu msikitini barabara ya Quadra, wananipa wali na nyama na hawaniulizi kitu. Naenda kwa ibada, usidhani vinginevyo. Lakini na wali nao naufikiria njiani.

Si kwamba hakuna jema. Umeme ni nafuu kwa sababu unatoka kwenye mabwawa, hata bili yenyewe wanaiita "hydro", ukisikia neno hilo usidhani ni maji. Baridi haiui, koti langu ni la mtumba (mtumba unaanzia huku, uliusahau?) na linatosha. Maji ya bomba yananyweka. Na baiskeli! Mtoto wa Tanga hafundishwi baiskeli. Kuna njia ndefu ya Galloping Goose, zamani ilikuwa reli, inapita madaraja na misitu bila gari hata moja. Naiendesha kwenda kazini kukikauka. Asubuhi za namna hiyo mji huu naupenda kweli, na nadhani ndizo zinazonifanya nisimfuate yule mama wa Kisumu Alberta, ambako hata kodi ya mauzo ya jimbo hawana na chumba alichopata kina dirisha mbili.

Utasema: Mama, mimi nitakaa kwako. Utakaa. Wewe nilikuzaa, kochi la sebuleni linakunjuka, na chumba utanipisha nikitoka zamu ya usiku. Hapo dola 1,000 tumeziokoa na hesabu inaanza kupumua. Laiti karatasi zangu za ukaazi wa kudumu zingewahi ungekuja kama mtoto wangu bila ada ya mgeni, lakini zilipoingia 2024 ulikuwa umeshatimiza 22, na 22 ndiyo mwisho wao. Jambo hilo sijalimaliza moyoni, tuliache.

Kwa hiyo kinachobaki ni ada, na ndiyo unayotaka kuuzia shamba. Kozi yako ni miaka miwili. Bei uliyonitajia ya shamba inalipa mwaka mmoja na nauli, na chenji ya koti. Mwaka wa pili utauza nini? Shamba linauzwa mara moja, ada inadaiwa kila muhula, na mgeni aliyeshindwa muhula wa tatu anarudi bila cheti na bila michungwa. Nimewaona wawili. Mmoja alilala siku kadhaa kwenye gari la rafiki yake karibu na ufuo wa Dallas Road, mahali pale pale nilipopiga ile picha yenye milima ya Marekani ng'ambo ya maji, uliyoiweka kwenye simu yako.

Nina akiba ya dola 6,400. Haijui mtu ila wewe sasa. Nataka uniandikie, kwa kalamu si kwa sauti, mambo haya: mavuno yaliyopita ya machungwa yalileta shilingi ngapi baada ya kulipa wachumaji, chuo kinakubali kusogeza nafasi yako hadi Septemba 2027 au hakikubali, na kozi hiyo hiyo Alberta ni kiasi gani. Ukiniletea hayo nitakaa nayo chini kama mtu mzima na mtu mzima.

Na kuhusu Bibi. Unasema amekubali. Mama yangu namjua, mtu akimwambia jambo analolichukia hujibu "haya, mwanangu", akaenda kupepeta mchele. Michungwa ile aliipanda na babu yako mimi nikiwa mgongoni. Jumapili nitapiga baada ya tarawehe zenu, saa tatu na nusu usiku. Huku itakuwa saa nne na nusu asubuhi na sina zamu. Simu ikiita usiipokee wewe. Mpe Bibi.

Mama yako