Msivichanganye vigae vya Uvinza

Mhariri,

Flinders Petrie (1853–1942), mwanaakiolojia Mwingereza, husifiwa kwa kuipima piramidi kuu ya Giza. Kwetu Kigoma, wenye chemchemi za chumvi za Uvinza, kazi yake yenye faida zaidi ni ile ya vigae, yaani vipande vya vyungu, ambavyo wenzake wengi walivitupa wakitafuta dhahabu na sanamu.

Alipochimba Naqada, huko Misri, mwaka 1894–95 alifukua makaburi zaidi ya 2,000, akadhani ni ya wageni walioivamia Misri. Alikosea, mwanaakiolojia Mfaransa Jacques de Morgan ndiye aliyeonyesha kwamba yalitangulia mafarao. Petrie akayarudia upya. Alichukua makaburi 900, kila moja akaliandikia kadi yenye aina za vyungu vilivyokutwa humo, akazipanga na kuzipangua mpaka zinazofanana zikakaa jirani. Aina moja ya mtungi ilimwongoza: vishikio vyake vya mawimbi mwanzoni vilishikika kweli, baadaye vikanywea, mwishowe ukabaki mchoro wa mstari tu. Mfuatano wote akaugawa hatua 50, za namba 30 hadi 80. Namba za chini ya 30 aliziacha wazi kwa ajili ya vyungu vya kale zaidi ambavyo havijafukuliwa. Wangapi wangekumbuka hilo? Ila njia hii hueleza kipi kilitangulia, haitaji miaka.

Uvinza, uchimbaji wa John Sutton na Andrew Roberts miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi ilichemshwa pale tangu takriban karne ya 5. Kwa hiyo anayechimba msingi au shimo la choo akakuta vigae, asichague vyenye nakshi tu. Midomo na vitako ndivyo vinavyoonyesha umbo la chungu. Apime kina kutoka usawa wa ardhi, na kila sentimita 10 ziwe na mfuko wake wenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa unyevu. Panapobadilika rangi ya udongo aanze mfuko mwingine hata kama 10 hazijatimia: huenda ni shimo la zamani au la panya, na humo kigae cha juzi hushuka chini kikalala na cha kale. Masizi yasisuguliwe, na mkaa usishikwe kwa mkono mtupu; hivyo viwili ndivyo maabara hupimia umri.

Kisha aache kuchimba, atoe taarifa. Kufukua kwa kutafuta mabaki bila leseni kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Msomaji,
Kigoma