Saa ya meli, si ya simu yako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika, mama yako nimemsomea mara mbili. Umesema Alhamisi meli itafunga Valletta, mji mkuu wa Malta, na umepewa ruhusa ya kushuka kuanzia saa tatu. Mwisho wa kurudi hukuandika. Saa ngapi? Nataka saa ya meli, si ya simu yako. Na nyinyi wa kazi hutakiwa kurudi kabla ya abiria, hilo usijifanye hulijui.

Mji ni mdogo, utautembea kwa miguu. Sisi tulipanda kutoka bandarini hadi magoti yakalia. Siku hizi, nimeona kwenye simu, kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha mpaka bustani ya Upper Barrakka. Hapo utaiona Grand Harbour, bandari yao kuu, yote. Saa sita mchana hupigwa mzinga, saa kumi hupigwa mwingine. Wa pili ukikukuta mjini, teremka, hata kama kinywani mna chakula.

Ngome zake zitakukumbusha Fort Jesus, ila hapo ni mji mzima uliozungushiwa kuta. Watawa wapiganaji wa St John waliuanza 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuwazingira. Ingia kanisani mwao uone picha ya Caravaggio, Yahya akikatwa kichwa; mchoraji ameandika jina lake ndani ya ile damu. Vua kofia.

Lugha ya Wamalta utadhani ni ya jamaa wa mbali. *Baħar* ni bahari, *sitta* ni sita, *disgħa* ni tisa. Hiyo *disgħa* naijua vizuri, niliihesabu siku moja moja mwaka 1978 nikingoja meli nyingine. Bibi yako aliambiwa nilishikwa na homa. Mtaa wa Strait Street wakati ule ulikuwa na muziki, na kijana wa miaka 23 honi ya meli huona yaita wengine. Mama yako naye anaijua ya homa, iache hivyo.

Basi la Mdina, ule mji wao wa kale, usipande. Wenzako watakwambia ni karibu. Foleni haijui karibu. Ukiwa na njaa nunua pastizzi, kama sambusa, ya jibini au ya njegere. Namba ya wakala wa meli iandike kwenye karatasi, simu huzima. Barazani nimewaambia mwanangu apikia watu elfu mbili, usinitie aibu. Wewe na kuchelewa mnajuana.

Pesa tumepokea, Mungu akuzidishie. Tangi limenunuliwa. Fundi bomba amekula chake na bomba lavuja vilevile. Ataka elfu tatu zaidi. Mama yako asema nimpe, mimi nasema amalize kwanza. Paka amezalia kitandani mwako, wanne, na mama yako hataki waguswe.

Nijibu hilo la saa kabla ya Jumatano. La fundi pia.

Baba yako